Kengele Nyuma ya Bati

Mkokoteni wa punda ulipoibonyeza Probox yake ubavuni, jirani wa Nimo alitajiwa bei na fundi wa bodi, akaguna, akageuza gari kurudi nyumbani. Wiki nzima sasa, kila alasiri, hulowesha kiganja na kupapasa madigadi huku amefumba macho, mpaka vidole vipate palipobonyea. Halafu hupitisha mkono nyuma ya bati na kushikiza hapo kengele ya ngamia, ya mbao ngumu, iliyobaki baada ya ukame kumaliza mifugo ya familia yake. Kwa nje hugonga kwa nyundo iliyoviringishwa kitambaa. "Bole bole," huliambia gari kwa lafudhi yake ya Kisomali, na kengele hulia kwa kila pigo.

Jana Nimo alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ua. Akamsikia mama mzazi wa jirani huyo, aliyeletwa asubuhi kutoka Kutulo na ambaye macho yake hayaoni tena, akiuliza kutoka kivulini:

"Ngamia wamerudi?"

Jirani aligonga mara moja zaidi. "Wamerudi, hooyo."

"Wote?"

"Wote."

Nimo alichungulia. Bati lilikuwa limeshanyooka. Jirani alilipapasa, akaridhika, kisha akaendelea kugonga, kengele ikilia.