Tambi kwenye Kamba ya Nepi

Kwa mila ya kina mke wangu, watu wa Mulanda, mama wa mke hali chakula nyumbani kwa mkwe wake. Hamtazami usoni wala hasemi naye moja kwa moja. Mila hiyo naiheshimu. Ila haikuniuma hadi mke wangu alipojifungua kwa kupasuliwa, na mama yake akaja kwetu Busia, mpakani, kumuuguza.

Alikuja na begi moja, ndani mna ndizi, karanga za kukaanga na kitenge cha kubadilisha. Chai yetu ya rangi aliinywa, kwa kuwa chai, alisema, ni maji tu. Karanga zilipokwisha akabaki na ndizi. Ndizi zilipokwisha, akakunja kitenge chake akakirudisha begini. Angeondoka asubuhi.

Mke wangu akalia. Hakuweza kuinama wala kumwogesha mtoto, na mimi nilikuwa nikimbeba mtoto kama trei ya mayai. Mama akiondoka, tumekwisha. Niliogopa, nasema wazi, na nilikasirika pia, lakini mila haina uso wa kununiwa.

Ili kumbembeleza mke wangu, nikamwuliza anatamani kula nini. Akasema tambi za nyama na nyanya, zile za kutengeneza nyumbani. Alikuwa ameziona kwenye simu. Dada mmoja mwenye jiko jeupe pe alisema ni rahisi. Anayekuambia jambo ni rahisi, ujue kuna mwingine anayemwoshea vyombo.

Nikamwaga unga wa ngano mezani, nikachimba shimo katikati, nikavunja mayai humo. Yai moja likavuka ukingo wa unga bila kuulizwa karatasi, kama vitu vingi vya hapa kwetu. Nikakanda mpaka donge likalainika, nikalisukuma kwa chupa ya soda, nikakata kwa kisu. Za kwanza zilitoka nyembamba, za mwisho zilikuwa mikanda. Yule dada alisema zianikwe kidogo. Kamba tuliyokuwa nayo ni ya nepi, basi nikazianika hapo, nepi upande huu, tambi upande ule.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, amenipa mgongo kama inavyotakiwa. Mgongo ule uliona kila kitu.

"Ambia bwana yako," alimwambia binti yake aliyelala chumbani, "kuku inakula hiyo kamba yake."

Akiwa na binti yake huzungumza Kidhopadhola, lugha yao. Yanayonihusu mimi huyasema kwa Kiswahili, ili nisipate taabu ya kutafsiriwa.

Nikafukuza kuku. Nikakatakata nyama mpaka mkono ukafa ganzi, nikaikaanga kwenye sigiri ya makaa na vitunguu na saumu, nikamimina nyanya za kuponda, nikafunika. Mchuzi ulipokuwa mzito nikazitia tambi kwenye maji yanayochemka. Ziliiva upesi, hapo yule dada hakusema uongo. Harufu ikaingia ndani bila kubisha hodi.

Nilikuwa napakua sahani ya mke wangu niliposikia sauti mlangoni.

"Ambia bwana yako, ugali iko wapi?"

"Mwambie mama leo hakuna ugali," nikajibu, nikiwa karibu naye kiasi cha kumkanyaga kanga.

"Mama, hakuna ugali," mke wangu akarudia kutoka chumbani, kana kwamba tulikuwa ng'ambo mbili za mto.

Niliona aibu. Mama mkwe analala kwangu mara ya mwisho, na nyumba haina hata ugali wa yeye kuukataa.

"Basi ambia yeye," akasema polepole, kama anayekata kesi, "kama ugali hakuna, hii nyumba leo haijapika chakula."

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ni kamba na nyanya," mama akamwambia binti yake.

"Ndiyo, mama."

"Lete hiyo kamba."

Alikula akiutazama ukuta. Sahani ilipokwisha aliisukuma nyuma yake bila kugeuka, nikaijaza. Ikarudi tena, nikaijaza tena. Kisha nikatoka nje nikasimama kando ya nepi, kwa sababu macho yalikuwa yanatoa machozi na vitunguu nilikuwa nimeshamaliza kukata zamani.

Niliporudi, begi lilikuwa wazi, limenywea. Mtoto alikuwa amelala, amefunikwa kitenge.

"Ambia bwana yako," akasema mama mkwe, "kesho aongeze chumvi."