Tundu la Chungu Kibichi

Mwanangu, nikiona vijana wakipanga maonyesho, mimi hukumbuka Jumamosi moja pale Ruiru, chungu kilipopasuka mbele ya kijiji kizima na maji meusi ya makaa yakanilowesha viatu. Nilistahili, tena nilistahili zaidi.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimetoka kusomea ualimu Thika, nina suruali mbili na majivuno ya watu watatu. Kijiji chetu kilikuwa kipya, watu wamesukumwa pamoja kwa amri ya serikali, nyumba zimebanana, na sote tunachota maji mto mmoja. Kila mvua ikinyesha watoto waliharisha. Nami nilijua la kufanya: vyungu viwili, kimoja juu ya kingine, cha juu kina tundu chini na kimejazwa kokoto, mchanga na makaa. Maji yakishachujika humo yachemshwe, basi. Nikaomba siku ya maonyesho shuleni: sayansi ndani ya darasa, ngoma na kazi za mikono nje uwanjani.

Vyungu nilivinunua kwa Cucu Nyambura, mfinyanzi wetu. Cucu kwetu ndiyo nyanya. Akaniuliza, "Ni za kupika nini, mwalimu?"

"Ni mambo ya sayansi, Cucu. Wewe utaweka vyako kule nje na waimbaji."

Alihesabu pesa zake, akanikabidhi vyungu. Nikaenda nikatoboa tundu kwa msumari na nyundo, nikajisifu kwamba sikuvunja kitu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Ufa ulikuwa umeshaingia, sikuuona. Siku yenyewe nikamimina maji mbele ya akina mama, na chungu kikafunguka katikati. Watu walicheka, wakatoka kwenda kutazama ngoma. Dada yangu Njeri, mwanawe mgongoni, aliniambia kwa huruma, "Pole, kaka. Wacha tu tuendelee na yetu ya mto."

Niliona haya kulirudia jambo lile. Miezi minne nilifundisha hesabu kana kwamba mto umejisafisha wenyewe. Katika miezi hiyo tulizika watoto wawili. Mmoja alikuwa wa Njeri. Sisemi chungu ndicho kilichowaua, lakini kunyamaza kwangu kulikuwa na mkono wake humo, na hilo halijanitoka moyoni hata leo.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa Cucu. Nilimkuta chini akikanda udongo, hakuinuka. Nikamweleza yote, kokoto na mchanga na makaa, na kila kimoja kina kazi gani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hii yote ulikuwa unajua ukikuja kununua?"

"Nilijua, Cucu."

"Sasa si ungeniambia? Hiyo shimo hutobolewa udongo ikiwa bado mbichi. Ikishachomwa, msumari ni ya kuvunja tu." Akafuta mikono. "Na hata mimi ulikuja kwangu umeshamaliza kila kitu."

Akanisogezea beseni la udongo, nikakaa, tukafinyanga vyungu vipya na kuvitoboa vikiwa vibichi.

Maonyesho ya pili tuliyapanga sote. Cucu alikataa katakata vyungu viwekwe darasani na ngoma iwe nje; vyote vikawa pamoja uwanjani. Akina mama walitunga wimbo unaofuata mpangilio: kokoto, mchanga, makaa, kisha moto. Njeri ndiye aliyeuongoza. Alipofika kwenye moto machozi yalimtoka, lakini hakuruka hata neno, na mimi sikuweza kumtazama. Siku hiyo vyungu vyote viliondoka uwanjani migongoni mwa wanawake. Yuko nyanya mmoja kule kijiji cha Murera, hajawahi kuingia darasani, ambaye mpaka leo atakupangia tabaka zile bila kukosea, akiimba.

Basi mwanangu, ukiwa na elimu ya kuwafaa watu, usiwapelekee ikiwa imeshachomwa. Mwite mfinyanzi, mwite mwimbaji, mwite na mama anayechota maji, jambo lingali udongo mikononi mwako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na ukiaibika, rudi kesho yake asubuhi, usingoje mazishi yakurudishe.

Mungu akupe akili ya kujua na sikio la kuwasikia walio uwanjani. Maji ya nyumbani kwako yawe safi, na wanao wakuzike wewe, wewe usiwazike wao.