Maji Mapya Kila Siku ya Mikaeli

Etelka alikuwa mtu wa kusafisha. Alifua mapazia kabla hayajachafuka. Kuni zake zilifutwa vumbi ndipo ziingizwe ndani. Mumewe Vendel alipofariki na jiwe la kaburi kusimikwa, alirudi kesho yake na brashi akalisugua, nalo lilikuwa jipya.

Kila mwaka, siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, alikuwa na kazi moja ambayo majirani hawakuwa nayo. Alishuka chumba cha chini ya nyumba penye boila, akafunga mpira kwenye koki ya chini kabisa, akamwaga maji yote yaliyokuwa yakizunguka nyumba kuipasha joto: ya boila, ya mabomba, na ya zile rejeta kumi na moja za chuma kizito zilizokaa chini ya madirisha. Yalitoka meusi. Aliyatazama yakienda mtaroni kwa uso wa mtu aliyemfuma jirani na kosa. Kisha akajaza maji mapya ya kisima, maji ya kunywa kabisa. Miaka thelathini na mmoja hakuruka hata mmoja.

Rejeta zenyewe Vendel alizipata kiwanda cha maziwa kilipovunjwa. Alizileta kwa tela la trekta, akazibeba moja moja hadi ndani, na tangu siku hiyo mgongo wake haukunyooka tena. Enzi za uhai wake alimwambia mkewe mara moja tu kwamba maji yale hakuna anayeyanywa, ayaache. Etelka alidhani ni uvivu. Vendel naye hakuwa mtu wa kurudia neno.

Mwaka huu Oktoba iliingia na ukungu, boila ikawashwa. Jikoni kulikuwa na nafuu. Chumbani rejeta ilikuwa moto juu, na kuanzia katikati kwenda chini baridi kama ndoo ya kisimani. Hajnalka, binti yake, muuguzi katika mji wa Győr, alikuja Jumapili akamkuta mama yake amekaa kitandani na koti na kofia ya sufu, anachambua maharage. Alitundika kipimajoto ukutani, akasubiri, akasoma: nyuzi kumi na tatu. Akasema atarudi Siku ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa Novemba, kuwasha mishumaa makaburini. Siku hiyo chumba kikiwa hakijafika ishirini, mama anahamia kwake, ghorofa ya sita, hadi Pasaka.

Etelka aliwahi kuiona ghorofa hiyo. Jikoni mlikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama dirisha la jikoni la mtu mwingine.

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo," alisema.

"Mwaka jana ilikuwa kumi na saba, Mama."

Jirani yake Rozália alikuja kumshauri ang'oe vile vyuma, aweke rejeta mpya, zile nyembamba nyeupe. Wa vyuma chakavu angekuja mwenyewe na gari. Etelka alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Alipoondoka, akakifuta kiti alichokuwa amekalia.

Alhamisi akaja fundi Gáspár, mwanamume wa miaka hamsini aliyezoea kuzungumza na mabomba kuliko na watu. Alipapasa kila rejeta kwa kiganja, kutoka juu hadi chini, kama daktari wa ng'ombe. Akafungua koki ya chini, akakinga maji kwenye glasi, akatumbukiza sumaku iliyofungwa uzi. Sumaku ilitoka na ndevu za chembe za chuma.

"Mama, maji haya unayaongeza mara ngapi kwa mwaka?"

Etelka alijinyoosha. "Siongezi mimi. Nabadilisha. Yote, kila Mikaeli."

Gáspár aliketi juu ya ndoo. "Tangu lini?"

"Tangu zifungwe. Mwaka wa thelathini na moja huu. Uliza mtu yeyote."

Gáspár hakuona haja ya kuuliza mtu yeyote. Alimweleza polepole, kama anayempa mtu habari za hospitali. Maji mapya huingia na hewa, na hiyo hewa ndiyo inayokula chuma. Kutu yake hutuama chini ya rejeta kama tope, joto lisipite. Ya kisima cha hapa huacha na ukoko mweupe, ule ule wa kwenye birika. Maji yakishakaa, hewa imekwisha, hayana tena cha kulia chuma. Yanakuwa meusi, lakini yametulia.

"Yale ya mwaka wa kwanza ungekuwa nayo hadi leo, na nyumba ina joto," alisema. "Wewe ukawa unayatoa yaliyoshiba, unaleta yenye njaa. Mara thelathini na moja."

Etelka alitazama rejeta, kisha akatazama mikono yake.

"Kwa hiyo nimeziua."

"Bado. Zina unene hizi. Za dukani zingekuwa zimeshatoboka. Aliyezichagua alijua anachagua nini."

Kazi ilichukua siku mbili. Gáspár alileta mashine ya kusukuma maji kwa nguvu, akatia dawa ya kulegeza tope, akayapitisha kwenye rejeta moja moja, kwenda na kurudi, huku anazigonga kwa nyundo ya mpira. Tope jeusi likatoka, zito kama uji, akalikinga kwenye mapipa. Etelka alimwomba ayaweke mapipa nyuma ya banda. Rozália aliyaona hata hivyo, kwa kuwa alikuwa amesimama uani tangu asubuhi.

"Kinatoka nini huko ndani, jirani?"

"Kahawa," alisema Etelka.

Siku ya pili alasiri maji yalitoka meupe. Gáspár akajaza upya, akatia dawa ya kuzuia kutu, na kwenye bomba linalorudi kwenye boila akafunga kichujio chenye sumaku ndani, ukubwa wa kopo la nyanya, na koki ndogo kila upande. Mwisho akafungua mkono wa ile koki ya kumwagia maji, akautia mfukoni.

"Niachie," alisema Etelka.

"Nikikuachia, Mikaeli itakukuta nao mkononi."

Gáspár alimwangalia kidogo, kisha akamwita kwenye kichujio. Akamwonyesha: funga koki hizi mbili, fungua hapa, futa sumaku, rudisha. Mara moja kwa mwaka. Hiyo kazi ni yake, hakuna mwingine wa kuigusa.

"Siku gani?"

"Yoyote."

"Mikaeli."

"Basi Mikaeli."

"Na kikichafuka kabla?"

"Kuchafuka ndiyo kazi yake, Mama."

Kabla ya kuondoka alijaza tope kwenye chupa ya jamu, akampa. Mikono ikimwasha, alisema, alitazame hili kwanza. Etelka aliiosha chupa kwa nje, akabandika karatasi ya tarehe, akaipanga kwenye rafu ya stoo.

Mikono ilimwasha siku ya nne. Alifungua skrubu ya hewa kwenye rejeta ya chumbani kwa kile kifunguo kidogo, akakinga nusu glasi ya maji. Yalikuwa na rangi ya chai iliyofifia. Alisimama nayo dirishani kwa muda. Kisha akachukua spana ya Vendel akashuka chini, maana spana ile ingeifungua koki hata bila ule mkono aliouchukua fundi. Alipiga magoti. Akaishika koki. Juu, kwenye kipimajoto, alikuwa ameacha kumi na nane, na jana yake ilikuwa kumi na sita.

Alitoa kitambaa, akaifuta koki kwa nje, pande zote, akapanda ngazi.

Siku ya Watakatifu Wote Hajnalka alifika na sanduku tupu la nguo. Alikwenda moja kwa moja chumbani na viatu vyake, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile. Kipimajoto kilisema ishirini na moja. Alikigonga kwa ukucha. Akaketi kitandani na koti lake kama anayengoja basi, robo saa nzima, akimtazama mama yake asije akakipumulia. Mwishowe akavua koti. Akainama, akaishika rejeta huku chini kabisa.

"Umefanya nini, Mama?"

"Sijafanya kitu. Fundi amenikataza."

Walikwenda makaburini. Etelka alisugua jiwe la Vendel, akawasha mshumaa, na kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa akamwambia kwamba yale maji ameyaacha.

Jioni sanduku lilirudi Győr limejaa jamu ya plamu. Hajnalka alikuwa akizishusha chupa kutoka kwenye rafu bila kuzitazama, na ya kumi na mbili mama yake aliichukua mkononi mwake, akaifuta, akairudisha mahali pake.

"Hiyo si ya mkate," alisema.