Tonge la Shangazi Regina

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka uso unanichoma. Nilikuwa kidato cha pili hapa Mpanda, naongoza darasa kwa Kiingereza, na kichwa kilikuwa kimevimba, sikufichi. Likizo nikaenda Majimoto kwa shangazi yangu Regina, aliyenilea tangu sijaota meno. Nilimkuta kwenye mavuno.

Nyumbani kwake wali wa mpunga mpya hauliwi hivihivi. Mkubwa wa nyumba anafinyanga tonge la kwanza, anamwekea mmoja wenu kiganjani, akishakula ndipo wengine mnaanza. Ni heshima kubwa. Mwaka ule alinichagua mimi. Alikuwa ametoka jarubani kuvuna mpunga, kanawa vizuri, lakini tope la mpunga halitoki kwenye kucha kwa siku moja. Nikautazama mkono ule, nikarudisha wangu nyuma.

"Shangazi, naomba kijiko."

Alikileta mwenyewe, akasema tu, "Haya, mwalimu wetu." Likizo nzima hakuniita tena kwa jina langu.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu akaandika ubaoni neno disdain. Nikawahi kujibu: kuchukia.

"Bado," akasema. "Unayemchukia unaweza kumwona mtu mwenzio. Wa neno hili unamchukia na papo hapo unamwona hafai hata kukugusa. Nitungie sentensi."

Sentensi nilikuwa nayo. Nilipotaka kuisema, machozi yakanitoka mbele ya darasa zima.

Likizo iliyofuata, hata begi sijatua, nikapiga magoti kwa shangazi nikamweleza yote, na neno lenyewe nikamtajia. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe dharau na Wazungu wanayo! Mie nikadhani ni ya kwetu tu." Akaingia jikoni, akarudi na tonge la wali. Nikakinga viganja vyote viwili.

"Kula, Anastazia," akasema.

Nimefundisha Kiingereza mpaka nikastaafu, na natamba: hakuna mwanafunzi wangu aliyelijua neno lile bila kuzijua kucha za shangazi yangu. Mimi ni mtoto wa majaruba ya Majimoto, nalisema popote bila kuinamisha kichwa.

Sasa wewe unakwenda chuo, nisikilize. Neno hilohilo Waingereza hulitumia pia kwa mtu anayeona hawezi kujishusha akasema uongo au akapokea rushwa. Hapo litumie, ringa nalo utakavyo. Kwa binadamu usilitumie hata siku moja, hasa yule ambaye mkono wake umekulisha. Ukirudi na digrii yako, akikupa tonge, kinga mikono.

Nenda, mwanangu. Mungu akufikishe mbali, na akurudishe nyumbani ukiwa bado unaitwa kwa jina lako.