Boliti zenye namba 7: nilivyosaka vyuma halisi vya coupe ya baba, Kibiti mpaka Kiongoroni

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Ninayosimulia nimeyafanya kwa mikono yangu. Mwenye shaka aje Kibiti, gari lipo.

Mimi ni mwanamke, fundi wa pikipiki na magari madogo. Ufundi kanifundisha baba, aliyekuwa akitengeneza magari ya mashindano Dar. Alipostaafu alirudi nyumbani na gari moja tu, coupe ya Kijapani ya miaka ya sabini. Milango miwili, pua ndefu, silinda sita.

Baadaye kiharusi kikamlegeza mkono wa kulia. Gari likabaki bandani, kuku wakahamia kwenye siti.

Siku moja kaka yangu Shabani akaja na watu wa chuma chakavu. Baba alikwenda akaegemea boneti, akabaki hapo.

Nikamwambia Shabani, "Nipe mpaka baada ya mavuno. Nikishindwa, libebeni."

Bodi nilinyoosha, injini nikaiamsha. Nikamwita baba aje aone. Akapitisha mkono wa kushoto juu ya injini, taratibu.

"Mwajuma, hizi boliti umezitoa wapi?"

"Dukani, baba. Mpya kabisa."

"Siyo zake. Jaribu spana kumi na mbili."

Nikajaribu, ikagoma kuingia.

Kwa wasiojua: boliti nene ya milimita nane ya dukani kwetu mara nyingi inataka spana 13. Mjapani wa enzi zile aliitengenezea kichwa kidogo, cha spana 12. Juu yake kimegongwa namba 7, na rangi yake ni manjano iliyopauka. Najua kuna mtu atasema boliti ni boliti. Endelea kusoma, mkuu.

Nikazama mtandaoni. Kila mwenye gari kama hili anadai lake ni "original", ukizoom unakuta boliti za kila aina. Nikajifunza kuamini picha za injini chafu kuliko zinazong'aa.

Kwenye group moja nikampata mzee wa Osaka ambaye injini yake haijawahi kufunguliwa. Tukaandikiana kwa app ya kutafsiri, tunaelewana nusunusu. Akanipigia picha kila upande. Nikaziprint, nikazibandika ukutani gereji.

Sasa boliti zenyewe nazipata wapi?

Kampuni iliyotengeneza gari hili iliweka boliti za aina ile kwenye pickup zake. Pickup nyingi zimeshakufa, ila injini zake nyingine zinaendesha mashine. Mteja wangu mmoja akaniambia Kiongoroni, kule delta ya Rufiji, ipo moja inakoboa mpunga. Nikaenda Nyamisati, nikapanda boti.

Mwenye mashine, Bi Zainabu, alicheka mpaka akashika mlango.

"Umevuka maji yote haya kufuata misumari?"

"Boliti, bibi."

"Na mimi unaniachaje? Watu hawa wana mpunga wao hapa."

Nikamweleza kwamba natoa moja, naweka mpya, ndipo naenda kwenye nyingine. Akakubali, kwa sharti nimsafishie na kabureta.

Nikafuta oili iliyoganda kwenye kichwa cha kwanza. Namba 7!

Wakuu, nilipiga ukelele, kina mama wenye magunia wakadhani nimeungua. Chumvi yote ile ya delta haikuzigusa, uchafu ulikuwa umezifunika.

Nilipomaliza tukawasha. Bi Zainabu akasikiliza kidogo. "Mwanangu, mbona sasa haikohoi?"

Nyumbani nilizisafisha, nikazipanga kwa kufuata picha. Baba akataka spana. Mimi nikazishika, yeye akakaza kwa mkono wa kushoto, zote. Jasho lilimtoka, hakukubali kupokewa.

Mzee wa Osaka nilipomtumia picha alijibu kwa neno moja la Kiswahili, sijui alilitoa wapi: "Safi."

Shabani naye alikuja. Akalizunguka gari, akainama, akachungulia ndani. Mwisho akauliza, "Baba, naweza kuliendesha?"

"Utasubiri," baba akasema. "Anaanza Mwajuma."

Tukaenda Ikwiriri na kurudi, baba pembeni yangu, kioo kimeshushwa, anapungia kila mtu kama mgombea.

Nilichojifunza: kabla hujaagiza nje, kagua injini zinazofanya kazi jirani yako. Na mtu akikwambia ni original, mwombe picha ya karibu.

Bado natafuta klampu mbili za waya za mpira wa rejeta. Mwenye pickup ya zamani, fungua boneti, piga picha, weka hapa chini. Na waliowahi kufufua gari la mzazi, nanyi tupeni habari.