Tone la Pesti

Kompyuta ilizimika tena mkalimani akiwa katikati ya sentensi. Mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akakiweka chini, akasogea.

Mtaani walimwita Sponji kwa kazi yake ya kushona viti vya magari. Kompyuta ile aliiunga mwenyewe, akakataa katakata isiguswe na fundi mwingine, kisha akatembea kifua mbele wiki nzima. Sasa mkewe alikuwa kwenye mazoezi ya mwisho kabla ya mtihani wa ukalimani wa hospitali, kazi aliyoitamani miaka mingi. Watahini wangempigia kwa video mchana huohuo, na walishasema hawataki mtu atumie simu ya mkononi.

"Inazima yenyewe," mkewe akasema taratibu. Upole ule ulimtisha Sponji kuliko kama angefoka.

Sponji akagusa ubavu wa boksi la kompyuta, ukamchoma, akaondoa mkono upesi. Feni ilikuwa ikizunguka vizuri, kwa hiyo tatizo lilikuwa chini yake. Akachukua bisibisi, akang'oa kipozeo, kile chuma kizito kinachonyonya joto la prosesa, ubongo wa kompyuta. Kwenye uso wa chuma kulikuwa bado na nailoni nyembamba ya kiwandani, imeandikwa wazi kwamba ibanduliwe. Yeye alikuwa ameigandamiza vilevile ilivyo juu ya pesti, ule ute unaopitisha joto, na joto likakosa pa kutokea.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye tangu siku ya posa hakuwahi kumwona mtu wa maana, akachungulia kutoka ukumbini. Akashauri wapake dawa ya meno, eti kuna mtu alifanya hivyo ikakubali. Sponji alijua itakauka kabla mtihani haujafika mbali. Lakini bomba la pesti lilikuwa karibu tupu na duka lilikuwa mbali, akajikuta anatazama upande wa bafuni.

"Ukiipaka dawa ya meno," mkewe akasema, "mimi na hiyo kompyuta tunahamia kwa kaka." Kisha akamtazama usoni. "Niambie ukweli. Itafanya kazi?"

"Sijui. Nimekosea mimi, sikubandua nailoni."

Mkewe akainuka. Akaenda kuleta pamba na spiriti.

Wakafuta prosesa na chuma mpaka vikang'aa. Sponji akalisugua lile bomba viganjani lipate moto, akalibana kwa nguvu zote. Likatoka tone moja juu ya prosesa, kama punje ya mbaazi, kisha hewa tupu. Kipozeo kikiteleza, pesti ingeburuzwa pembeni, na nyingine hakuna. Shemeji akapiga magoti, akalishika boksi lisicheze. Sponji akashusha chuma wima, akakaza skrubu moja, akahamia ya pembe ya pili, kidogo kidogo, kama anavyovuta ngozi ya kiti isije ikakaa upande.

Simu ya video ya watahini iliingia wakati anafunga kifuniko cha boksi. Mkewe akafunga mlango.

Wanaume wawili wakabaki ukumbini, masikio ukutani. Walimsikia akimuuliza mgonjwa wa kuigiza maumivu yalianza lini. Feni ikapanda mvumo, sauti ya mkalimani ikakatika. Shemeji akamshika Sponji mkono. Kumbe mke wa Sponji alikuwa anameza mate tu. Akaendelea, safi, hadi mwisho.

Kazi alipata, ila ya Jumapili peke yake. Jioni ile ya mtihani alilala kwenye kochi na viatu miguuni, Sponji akamvua kimoja kimoja asimwamshe.