Jiwe Lenye Mnyororo

Utafiti wote wa ukoo wa jirani yetu ulitugharimu nauli ya basi ya watu watatu na chupa moja ya chai ya tangawizi. Nimepiga hesabu mara mbili. Juzi nimepita kwenye makaburi tuliyoyaendea kwa basi hilo, harufu ya nyasi zilizokatwa ikanirudisha miaka ya elfu mbili, nilipokuwa mtoto katika mtaa wa Kingstanding, ughaibuni.

Jirani alikuwa mama wa Kizungu, mzee, akiishi peke yake. Bibi yangu, aliyehamia kwetu kutoka Mombasa na masufuria yake, alimpelekea mahamri kila Jumamosi. Sahani ilirudi na biskuti. Mimi nilikuwa mkalimani wao, na ujira wangu niliutoza pande zote mbili.

Siku moja jirani akatueleza linalomnyima raha. Alitamani kuzikwa kaburi moja na babu yake, lakini jiwe la babu limechongwa mnyororo, na tangu utotoni aliambiwa kwa minong'ono kuwa hiyo ni alama ya mfungwa.

"Sitaki kulala na aibu," alisema.

Bibi akavaa koti juu ya leso. "Haya, twende tukamwone huyo mfungwa."

Jiwe lilikuwa limeota kuvu. Bibi akalisugua hadi zikatokea pete tatu zilizoungana, mikono miwili iliyoshikana, na jicho moja juu yake. Akacheka.

"Mwambie mwenzangu, mfungwa gani huchongewa jiwe zuri hivi? Hiki ni chama cha kuzikana, kama chetu. Pete ni wanachama."

"Na jicho?" nikauliza.

"La mweka hazina."

Baadaye jirani alikwenda maktaba, wakamthibitishia. Babu alikuwa fundi wa shaba, na wenzake walichangishana kuuguzana na kuzikana. Bibi alikosea jicho tu: ni la Mungu.

"Ndiyo maana fedha hazikupotea," akasema bibi.

Jirani alijifuta machozi, akaomba aandikishwe katika chama cha bibi, kilichokutana jikoni kwetu. Kiingilio pauni tano. Akaomba kupunguziwa, bibi akakataa, ila akamwongezea mahamri.

Jirani alipofariki, alilala kwa babu yake. Akina mama wa chama walisimama mvuani, leso zimelowa, kisha wakarudi kupakua pilau na kuosha vyombo mpaka jioni.

Chama kile hakipo tena. Wengine walihamia mitaa ya mbali, Northfield na Acocks Green, wengine wametangulia, bibi akiwa miongoni mwao. Siku hizi mchango wa msiba unaingia kwa simu, upesi sana, lakini simu haijawahi kuosha sufuria.

Jiwe lenyewe sasa limeinama. Ofisi ya makaburi italilaza chini, isipokuwa jamaa wa marehemu aombe lisimamishwe. Jirani hakuacha mtoto. Nilipokwenda kuomba, karani, kijana mwenye adabu, aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu, nami nikamwahidi kumletea jibu. Ninarudi Jumatatu. Nishauri, rafiki yangu: nimwambie mimi ni nani?